Siti binti Saad, Mwuza Vyungu wa Fumba

Palikuwa na mwanamke mmoja katika kisiwa cha Unguja ambaye jina lake lilivuma Afrika ya Mashariki kabla ya redio kuenea mijini na mashamba. Mwanamke huyo alikuwa Siti binti Saad. Hakuzaliwa katika mali, hakusoma darasani, wala watu wa zamani zake hawakumhesabu miongoni mwa warembo. Juu ya hayo alifika mahali ambapo matajiri na warembo wengi wa siku zake hawakufika. Twasimulia maisha yake hapa kwa sababu jambo lililomsumbua yeye lingali linawasumbua wengi wetu, na hasa wasichana.

Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka wa 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Sisi wa Bariadi twajua jinsi Wanyamwezi na Wasukuma walivyo karibu kwa lugha na kwa desturi. Basi upande mmoja wa nasaba ya bibi huyu ulitoka bara, kwa jirani zetu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria mpaka mwaka wa 1897. Mtoto huyu alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Yafaa msomaji ayatazame majina hayo mawili, kwani maisha yake yote yalikuwa safari ya kutoka katika jina la kwanza kwenda katika jina la pili.

Wazazi wake walikuwa maskini. Walilima, na mama yake alifinyanga vyungu. Siti alijifunza kazi hiyo kwake, na alipokuwa mkubwa alijitwika vyungu kichwani akaenda kuviuza mjini kwa miguu. Kila aliyemwona mama yake akirudi mnadani na mzigo kichwani katika vumbi la kiangazi ajua uzito wa kazi ya namna hiyo. Siti alikuwa na desturi ya kuimba njiani ili watu wajue kwamba vyungu vimefika. Sauti yake ilitangulia mbele yake. Watu walitoka nje kununua chungu, na wengine walitoka kusikiliza tu.

Mwaka wa 1911 aliacha shamba akahamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha taarab kiitwacho Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Taarab ilikuwa imeingia Unguja katika enzi ya Sultani Barghash, nayo iliimbwa na wanaume kwa lugha ya Kiarabu. Ali Muhsin aliisikia sauti ya mwuza vyungu, akaona kwamba haifai kupotea njiani. Alimfundisha kuimba pamoja na ala, na kutamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Siti hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na moyo wa kushika, na alichofundishwa hakikumtoka. Punde alialikwa arusini na katika majumba ya wakubwa, hata katika jumba la Sultani.

Hapo ndipo husuda ilipoanza. Katika mji wa siku zile uzuri wa mwanamke ulikuwa na kipimo chake. Alisifiwa mwenye rangi nyeupe au ya maji ya kunde, mwenye pua nyembamba, mwenye nywele za singa zilizoshuka mabegani, na mwenye nasaba ya kutajika. Siti alikuwa mwanamke mweusi wa shamba, na uso wake haukuwa na kitu ambacho watu wa mji walizoea kukiita uzuri. Waliochukizwa na sifa zake hawakuweza kusema kwamba haimbi vizuri, maana masikio ya watu yalikwisha kushuhudia. Kwa hiyo walitafuta mahali pengine pa kumpiga. Walimtungia wimbo wa kumsimanga, wakauliza tangu lini amekuwa mtu, wakamkumbusha kaniki aliyotoka nayo shamba, wakasema kwamba pasipo sauti asingekuwa na cha kula.

Wimbo huo ulienea mjini. Mtu mwingine angejificha, au angerudi Fumba kwenye udongo wake. Siti alijibu kwa wimbo. Hakudai kwamba yeye ni mzuri kuliko wanavyosema, wala hakukana kwamba alitoka shamba. Alijibu kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, na kwamba aibu ya mwanadamu ni kukosa akili. Jibu hilo lilipendwa kupita masimango yenyewe.

Tuliangalie jibu hili vizuri, kwa kuwa wengi hulielewa nusu tu. Husemwa kwamba Siti alinyimwa sura akapewa sauti, kana kwamba sauti ilikuwa fidia. Kama ndivyo, msichana asiye na sura ya kusifiwa wala sauti ya kuimba angeshika nini? Lakini waliosema kwamba pasipo sauti Siti si kitu walikuwa wale maadui zake. Yeye mwenyewe hakuikubali mizani yao. Hakuweka sauti upande mmoja na uso upande wa pili. Alisema kwamba mizani yenyewe ni mbovu. Jibu hilo lafaa kila mtu, awe na kipaji kikubwa au kidogo.

Baada ya hapo jina lake lilizidi kukua. Aliimba pamoja na wenzake, akina Subeit bin Ambar, Mwalim Shaaban na Mbaruk, fundi wa fidla aliyekuwa kipofu. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa baraza ya watu wa kawaida, ambapo mambo ya mji yalizungumzwa na kutiwa katika nyimbo. Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilisikilizwa pwani na bara, na zikaonyesha kwamba Kiswahili chafaa taarab kama Kiarabu. Hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake mmoja mashuhuri, uitwao Kijiti, ulieleza habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji alitoroka, na mashahidi wanawake ndio waliofungwa. Hivyo sauti iliyotumika zamani kuuza vyungu ilitumika sasa kuwatetea waliodhulumiwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amekwisha onana naye na kuandika habari zake, na wasifu huo ulichapishwa mwaka wa 1958. Mwaka wa 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, katika chama chao cha TAMWA, walianzisha gazeti wakaliita Sauti ya Siti.

Na sisi je? Muhula unapoanza, wasichana hukata nywele zao kama desturi ya shule inavyotaka, na wako wanaolia wakidhani wameacha uzuri wao sakafuni kwa kinyozi. Wako wanaotaniwa kwa weusi, kwa unene, kwa wembamba au kwa nywele za kipilipili mpaka wanaogopa kusimama mbele ya darasa kujibu swali. Wako wanaonunua mkorogo, nao hawajui kwamba mwingine una zebaki, ambayo huharibu ngozi na figo, na ndiyo sababu Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye sumu hiyo. Wavulana nao wakumbuke kwamba mzaha wa dakika moja huweza kukaa moyoni mwa mwenzao miaka mingi. Na wazazi, msiwapange watoto wenu kwa weupe na weusi mbele ya wageni, mtoto husikia.

Siti alikufa na uso ule ule aliozaliwa nao. Hakuubadili, wala hakuuonea haya, na wimbo wa kumsimanga haukumnyamazisha. Aliyeitwa Mtumwa utotoni alizikwa akiitwa Siti. Basi, msichana, simama ujibu swali.