John Leal, daktari aliyetia kloro ndani ya maji ya mji mzima

Wakati wa kipindupindu, wakaaji wa Goma wanaoteka maji katika ziwa Kivu wanamkuta mtu kwenye ufuko, sindano mkononi, akitia kloro ndani ya kila bidon. Wengi wanakubali, wengine wanalalamikia harufu, na wako wanaosema ni sumu. Mashaka kama hayo yalifika mbele ya tribinali huko Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyeshitakiwa ni kampuni iliyomwajiri Daktari John Leal.

Leal alizaliwa tarehe 5 Mei 1858 huko Andes, katika jimbo la New York. Baba yake, daktari pia, alienda na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kurudi na ugonjwa wa kuhara ambao haukumwachilia hadi alipofariki mwaka wa 1882. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa akiona nyumbani kile ambacho maji machafu yanaweza kumfanyia mtu.

Alisoma Princeton, kisha udaktari huko New York, na akafanya kazi Paterson, mji wa viwanda katika jimbo la New Jersey, ambako alikuwa mkubwa wa afya ya mji. Tifoide ilikuwa inaua watu kila mwaka. Mwaka wa 1899 aliacha kazi ya serikali na kuingia katika kampuni za watu binafsi zilizokuwa zinauza maji, akiwa mshauri wao wa usafi.

Moja ya kampuni hizo ilijenga bwawa kubwa huko Boonton na bomba la kupeleka maji Jersey City, mji wenye watu zaidi ya laki mbili. Maji yalianza kufika mwaka wa 1904. Lakini mji ulikataa kulipa bei yote, ukisema maji si safi kama mkataba ulivyotaka. Mwaka wa 1908 juji alikuta kwamba kwa siku nyingi maji ni mazuri, ila mara mbili au tatu kwa mwaka, mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa vijiji vya juu unaingia mtoni. Kampuni ijenge mifereji ya maji machafu, ao itafute njia ingine.

Mifereji ilikuwa ghali, na Leal aliona kwamba haitazuia uchafu wa mashamba na wa vyoo vilivyotawanyika. Alichagua unga wa kloro, ule uliojulikana kwa kusafisha vyoo na kufulia nguo. Haikuwa mara ya kwanza kabisa: Middelkerke, mji mdogo wa Ubelgiji, ulikuwa unatumia kloro tangu 1902, na Lincoln, Uingereza, tangu 1905. Ila hakuna aliyekuwa amejaribu kwa ukubwa huo, karibu litre milioni 150 kwa siku.

Mhandisi George Fuller alichora mitambo na kuijenga kwa siku 99. Unga ulikorogwa ndani ya matangi, halafu ukaachiliwa kidogo kidogo kuingia katika maji, chini ya gramu moja kwa litre elfu moja. Kazi ilianza tarehe 26 Septemba 1908. Wenye kunywa hawakuulizwa, na mji haukuombwa ruhusa.

Hapo mji ulikuwa na haki ya kukasirika. Daktari analipwa na kampuni, kampuni inataka kuepuka gharama, na dawa yenyewe haijazoeleka: nani asingeshuku? Mji ulileta wataalamu wakubwa wa wakati ule, kati yao William Sedgwick na George Whipple. Avoka wa mji walimuuliza Leal kama angekunywa maji hayo na kuwapa mke na watoto wake. Alijibu ndiyo, akisema hakuna maji salama kuyapita duniani. Kilichomwokoa ni hesabu za maabara, zilizoonyesha siku kwa siku kwamba bakteria zimekwisha karibu zote. Mwezi wa Mei 1910 aliyepewa na tribinali kazi ya kupima mambo hayo aliipa kampuni haki.

Miji mingine ikafuata haraka. Vijana wawili, Charles Wallace na Martin Tiernan, waliona biashara pale: walitengeneza mashine ya kupima kloro ya gazi, wakaifunga Boonton mwaka wa 1913, na kampuni yao ikauza mashine hizo kwa miaka mingi.

Leal hakuona mengi ya hayo. Alifariki tarehe 13 Machi 1914, akiwa na miaka 55, akazikwa Paterson. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka wa 2013, wakati watu wa kazi ya maji wa New Jersey walipomsimamishia moja.