Rockne: Mhamiaji aliyekifikisha chuo cha Notre Dame kileleni bila kushindwa

HISTORIA ya michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani haikamiliki bila jina la Knute Rockne kutajwa. Katika miaka 13 aliyokuwa kocha mkuu wa Notre Dame, kuanzia 1918 hadi 1930, timu yake ilishinda mechi 105, ikapoteza 12 na kutoka sare mara 5. Misimu mitano ilimalizika bila yeye kuonja kichapo hata mara moja.

Miongoni mwa misimu hiyo, ule wa 1924 ndio uliokitoa chuo hicho cha Kikatoliki gizani na kukiweka katika ndimi za taifa zima.

Rockne alizaliwa mnamo Machi 4, 1888 katika mji wa Voss, nchini Norway. Babake, fundi wa kuunda magari ya kukokotwa na farasi, alivuka bahari kuhudhuria maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, na jamaa yake ikamfuata huko. Kijana Knute alikuwa na umri wa miaka mitano tu.

Maisha ya mhamiaji hayakuwa lele mama. Rockne alifanya kazi ya posta mjini Chicago kwa miaka kadhaa huku akijiwekea akiba ya karo. Alipojiunga na Notre Dame, katika jimbo la Indiana, mwaka wa 1910, alikuwa ametimu umri wa miaka 22, wakati ambapo wenzake wengi huwa wanahitimu.

Futiboli ya Wamarekani si kandanda inayosakatwa viwanjani Afrika Mashariki. Inakaribiana zaidi na raga, ambapo wachezaji 11 wa kila upande huung'ang'ania mpira wenye umbo la yai wakinuia kuufikisha mwisho wa uwanja wa wapinzani. Kinyume na raga, sheria zilizofanyiwa mabadiliko mwaka wa 1906 ziliruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono. Hata hivyo, timu kubwa ziliendelea kutegemea nguvu na miili mikubwa.

Katika likizo ya 1913, Rockne na rafiki yake Gus Dorais walifanya kazi katika ufuo wa Cedar Point, jimboni Ohio, na muda wao wa mapumziko wakautumia kufanya mazoezi ya pasi hiyo. Mnamo Novemba 1 mwaka huo, Rockne akiwa nahodha, Notre Dame ilizuru chuo cha kijeshi cha West Point na kuwanyuka wanajeshi 35-13. Pasi za Dorais ziliwaacha wenyeji hoi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeidharau tena mbinu hiyo.

Rockne hakuwa mtu wa viwanjani pekee. Alihitimu mwaka wa 1914 na kubaki chuoni humo kama msaidizi katika maabara ya kemia, kwa masharti kwamba angeruhusiwa pia kusaidia kuinoa timu. Miaka minne baadaye alirithi kiti cha kocha mkuu Jesse Harper.

Matunda hayakukawia. Timu yake ilishinda mechi zote 9 mwaka wa 1919 na nyingine 9 mwaka wa 1920, ikiongozwa na George Gipp. Lakini furaha hiyo iligeuka matanga Gipp alipofariki dunia Desemba 14, 1920 kutokana na maradhi, akiwa na umri wa miaka 25.

Rockne alianza upya. Kufikia 1922 alikuwa amewapata vijana wanne wa safu ya nyuma: Harry Stuhldreher, Jim Crowley, Don Miller na Elmer Layden. Uzani wao wa wastani ulikuwa takriban kilo 72 tu, lakini walikimbia kwa mwafaka mmoja kana kwamba walifungwa kamba. Katika misimu ya 1922 na 1923 ni timu moja tu iliyowashinda, nayo ni Nebraska, iliyofanya hivyo mara mbili.

Msimu wa 1924 ulikuwa wao wa mwisho. Walianza kwa kuwalaza Lombard 40-0 na Wabash 34-0. Mnamo Oktoba 18 wakavaana na timu ya jeshi mjini New York na kushinda 13-7. Mwanahabari Grantland Rice, aliyekuwa uwanjani, aliwafananisha vijana hao na wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo. Mwanafunzi aliyeshughulikia habari za timu akaharakisha kuwapiga picha wakiwa juu ya farasi wenye mpira mikononi, na picha hiyo ikasambaa kote nchini.

Sifa hizo hazikuwasahaulisha waliowafungulia njia. Wachezaji saba wa safu ya mbele, ambao kazi yao ilikuwa kugongana na wapinzani ili wenzao wapite, walijiita Nyumbu Saba. Rockne mwenyewe alikuwa na desturi ya kuanzisha mechi na kikosi cha akiba ili kuwachosha wapinzani kabla ya kuwaingiza wakali wake.

Princeton ikalala 12-0, Georgia Tech 34-3 na Wisconsin 38-3. Kisha ikawadia zamu ya Nebraska, na deni la miaka miwili likalipwa kwa ushindi wa 34-6. Northwestern iliwatoa jasho kabla ya kusalimu amri 13-6, nayo Carnegie Tech ikanyukwa 40-19.

Ushindi huo ulikuwa na uzito kupita alama za uwanjani. Katika miaka hiyo kundi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu nyingi jimboni Indiana, likiwachukia Wakatoliki na wahamiaji. Mwezi Mei 1924 wanafunzi wa Notre Dame walikabiliana na wafuasi wa kundi hilo katika barabara za South Bend. Kwa jamii zilizohesabiwa kuwa za wageni, kila ushindi wa timu hiyo ulikuwa ithibati kwamba nao ni Wamarekani kamili.

Wakati huo hapakuwa na fainali ya kitaifa, na bingwa aliteuliwa na wachambuzi. Ili kufuta shaka, Notre Dame ilisafiri kwa treni hadi Pasadena, California, kwa mechi ya Rose Bowl ya Januari 1, 1925 dhidi ya Stanford, ambayo pia haikuwa imeshindwa. Stanford ilisonga mbele na mpira mara nyingi zaidi, lakini Layden alinasa pasi zao mbili na kukimbia zaidi ya mita 60 kila mara hadi mwisho wa uwanja. Matokeo yakawa 27-10, na ubingwa ukapatikana kwa mechi 10 bila doa.

Sifa zina vishawishi vyake. Mnamo Novemba 1926, Rockne aliiachia timu wasaidizi wake na kwenda Chicago kutazama mechi ya timu za jeshi na wanamaji, akiamini Carnegie Tech si tishio. Notre Dame ilishindwa 19-0 na kupoteza nafasi ya ubingwa. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Mwaka wa 1929, akiugua mguu na mara nyingine akiongoza timu kutoka kitini, alishinda mechi zote 9 ugenini huku uwanja mpya wa chuo ukijengwa. Mwaka wa 1930, uwanja ukiwa tayari, alishinda zote 10.

Hakujua kwamba msimu huo ungekuwa wake wa mwisho. Mnamo Machi 31, 1931, ndege aliyoabiri kuelekea Los Angeles ilivunjika bawa na kuanguka katika mashamba ya Kansas, ikiwaua watu wote wanane waliokuwemo. Rockne alikuwa na umri wa miaka 43, na aliacha mjane na watoto wanne.

Bawa hilo lilikuwa la mbao, na ilibainika kwamba unyevu ulikuwa umedhoofisha gundi iliyoliunganisha. Kilio cha umma kiliilazimu serikali kuzikagua ndege za aina hiyo na kuacha kuficha matokeo ya uchunguzi wa ajali. Mashirika nayo yakaharakisha kuzikumbatia ndege za chuma.

Hivyo kocha aliyewafundisha vijana kushinda uwanjani aliacha, kwa kifo chake, urithi mwingine usiotajwa sana: usalama wa mamilioni ya wasafiri waliopaa angani baada yake.