Hermann wa Reichenau, Kiwete Aliyekuwa Mwalimu

Wahenga walituachia neno fupi: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida twalitumia kumwonya mtu anayemcheka mwenye kilema. Lakini neno hilo lina upande wa pili, ambao hatuukumbuki sana. Yule aliyezaliwa na mwili usiomtii, yeye naye hajamaliza kuumbika. Iko kazi ambayo Mungu bado anaitengeneza ndani yake. Tunataka kuutazama upande huo katika maisha ya Hermann, mtawa aliyefariki karibu miaka elfu iliyopita, ambaye kwa Kilatini aliitwa Contractus, yaani kiwete mwenye viungo vilivyokunjamana.

Hermann alizaliwa tarehe 18 Julai 1013 katika nchi ya Swabia, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake, Wolfrad, alikuwa mtawala wa Altshausen, na mama yake aliitwa Hiltrud. Tangu utoto wake viungo vya Hermann vilikuwa vimelemaa. Hakuweza kutembea. Akiwekwa mahali alibaki papo hapo mpaka mtu aje kumwondoa, na hata kujigeuza ubavu hakuweza bila kusaidiwa. Mtumishi alimbeba na kumweka katika kiti, na humo alikaa kwa shida, amejipinda, apate kufanya kazi yake. Midomo na ulimi navyo vilikuwa dhaifu, hata maneno yake yalitoka vipande vipande, na ilikuwa vigumu kumfahamu.

Wazazi wake walikuwa na mali. Ingekuwa rahisi kwao kumweka katika chumba cha ndani, pamoja na mtumishi wa kumlisha, na watu wasijue kwamba yupo. Hawakufanya hivyo. Tarehe 15 Septemba 1020, mtoto akiwa na umri wa miaka 7, walimkabidhi kwa walimu apate kusoma. Sisi tuliofundisha miaka mingi twaiona siku hiyo kuwa kubwa kuliko siku nyingine zote za maisha yake. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Makao yake yakawa nyumba ya watawa ya Reichenau, iliyoanzishwa mwaka 724 katika kisiwa cha Ziwa Bodensee. Mkuu wa nyumba hiyo tangu mwaka 1008 hadi 1048 alikuwa Berno, mtu mwenye elimu, hasa ya muziki. Huko Hermann alisoma, akakua, na alipofikia umri wa miaka 30 hivi akaweka nadhiri za utawa.

Kazi alizozifanya akiwa katika kiti kile zinashangaza. Aliandika kitabu cha mambo ya nyakati, kuanzia kuzaliwa kwa Kristo mpaka mwaka 1054, na wanahistoria hukitegemea hata leo kwa habari za wakati wake. Aliandika juu ya hesabu, na juu ya mchezo wa namba uliotumiwa kufundishia wanafunzi. Aliandika juu ya elimu ya falaki, na hasa juu ya astrolabu, chombo cha kupimia jua na nyota ili kujua saa. Elimu hiyo Waarabu walikuwa wameiendeleza sana, ikaingia Ulaya kwa njia ya Hispania. Aliona pia kwamba mwezi wa hesabu za Kanisa haukwenda sawasawa na mwezi unaoonekana angani, akaandika kuitafuta sababu. Jambo hilo si dogo, kwa maana sikukuu ya Pasaka hupangwa kwa kuufuata mwezi.

Katika muziki alitunga njia ya kuonyesha kwa herufi jinsi sauti inavyopanda au kushuka, na kwa kiasi gani, kutoka noti moja hadi nyingine. Walimu wa kwaya waliokulia katika do, re, mi wataifahamu faida yake. Mtu ambaye hakuweza kuimba vizuri aliwatengenezea wengine njia ya kuimba bila kupotea.

Mwanafunzi wake Berthold, aliyeandika habari za maisha yake, anatueleza kwamba alikuwa mwalimu mwenye bidii na mchangamfu, mwepesi wa kujadiliana, na tayari kuyajibu maswali ya wanafunzi. Wanafunzi walijifunza kuyasikiliza maneno yake yaliyokatika mpaka wakayazoea. Hapo twaona kwamba uvumilivu haukuwa wa Hermann peke yake. Aliyembeba alivumilia, na waliomsikiliza walivumilia.

Wala tusidhani kwamba hakuchoka. Mwaka 1052 mama yake alifariki, na Hermann akamtungia mashairi ya kumkumbuka. Mwaka 1054 yeye mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa mbavu, akateseka siku kumi. Alimwambia Berthold wazi kwamba amechoka kuishi. Hata hivyo alimkabidhi vibao vyake vya nta, vyenye maandishi yaliyokuwa hayajamalizika, akamwagiza ayasahihishe na kuyanakili. Alifariki tarehe 24 Septemba 1054, mwenye umri wa miaka 41, akazikwa kwao Altshausen. Berthold akakiendeleza kile kitabu cha mambo ya nyakati. Mwaka 1863 Kanisa la Roma lilithibitisha heshima anayopewa kama Mwenye Heri.

Watu wa baadaye walisimulia hadithi kwamba Hermann alipewa nafasi ya kuchagua afya ya mwili au hekima, naye akachagua hekima. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini yaweza kutupumbaza. Yatufanya tudhani kwamba hekima ilimshukia kwa muujiza, na kwamba sisi wengine hatuna la kufanya. Lakini hekima yake ilikuja kwa njia tunayoifahamu: wazazi waliompeleka shule, walimu waliompokea, mtumishi aliyembeba, na kazi ya kila siku iliyomngoja asubuhi. Mungu alitumia mikono hiyo yote.

Katika mitaa yetu wako watoto wasioweza kujigeuza kitandani. Wengine hawaonekani kanisani wala shuleni, na majirani huulizia afya zao tu. Tukiwatembelea na sabuni na sukari tunafanya vema, lakini tusiishie hapo. Tuulize mtoto huyu anajifunza nini, nani anamfundisha, na nani atambeba Jumatatu asubuhi. Na ikiwa jibu ni kwamba hayuko mtu, basi twende sisi.