Allidina Visram: Tajiri aliyehama na reli misafara ilipokufa

Katika soko la Mitunguu, Imenti Kusini, kwenye barabara iteremkayo kutoka Nkubu kuelekea Tharaka, biashara ya ndizi haiendeshwi kwa pesa taslimu peke yake. Mnunuzi mwenye lori hutegemea neno la mkulima, na mkulima hutegemea neno la mnunuzi. Bei inapoanguka, neno hilo ndilo hupimwa kwanza.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Allidina Visram alijenga juu ya neno la namna hiyo biashara iliyoenea kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi mpakani mwa Kongo. Uganda walimbandika jina la mfalme asiye na taji. Ukubwa wa mali yake umesimuliwa mara nyingi. Linalosimuliwa kwa nadra ni jinsi alivyowashika pamoja watu wake kila njia waliyoizoea ilipofungwa.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, India, katika jamii ya Waismailia. Alivuka bahari mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 12, akaingia kazini Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, bwana mkubwa wa misafara. Huko alijifunza hesabu ya bara: mpagazi mmoja hubeba karibu kilo 30, kitambaa na shanga huenda bara, pembe za ndovu na nta hurudi pwani. Baadaye alianza kupeleka misafara yake mwenyewe, akafungua matawi kuelekea Tabora na Ujiji.

Dhiki haikuchelewa. Mwaka 1888 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilizuka pwani, na Bagamoyo yenyewe ikawa uwanja wa mapigano. Kisha, mwaka 1897, Sewa Haji alifariki akiwa bado katika umri wa kufanya kazi. Nyumba nyingi za biashara hufa pamoja na mwenye nyumba. Visram, aliyekuwa amekaribia miaka 46, alishika mahali pa bwana wake wa zamani na kuipanua kazi ya misafara badala ya kuiacha isambaratike.

Lakini msafara wenyewe ulikuwa umekwisha kuhukumiwa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Safari ya miezi kutoka pwani hadi ziwani ikageuka safari ya siku chache. Mtu aliyekuwa ametia mtaji wake wote katika mabega ya wapagazi angeweza kufunga daftari na kurudi Kutch. Visram alihama. Mwaka 1898 alikwisha kufungua duka Kampala, kabla hata garimoshi halijafika Nairobi, na reli ilipokuwa ikisonga mbele maduka yake yaliifuata stesheni kwa stesheni, yakiwauzia chakula na nguo wajenzi wake.

Maduka hayo hayakuendeshwa kwa amri za kutoka Mombasa, kwa kuwa amri zingechukua majuma kufika. Yaliendeshwa kwa mali kauli. Kijana aliyetoka India aliwekwa kwanza kuwa karani, akajifunza vipimo, lugha na tabia za wanunuzi. Akishaaminika, alipewa bidhaa bila kulipa kitu, akatumwa mahali pasipokuwa na duka. Alirudisha ngozi, ufuta, pilipili au pamba, deni likapungua katika daftari, na shehena nyingine ikatoka. Mavuno yakiharibika, deni lilisubiri. Huo haukuwa wema mtupu. Karani aliyefilisiwa kwa deni la msimu mmoja asingeleta chochote msimu uliofuata, na Visram alilijua jambo hilo vizuri kuliko matajiri wengi waliomfuata. Katika kilele cha biashara yake, wasaidizi wa Kihindi peke yao walipita 500.

Haki inadai kusema kwamba ngazi hiyo haikuwekwa kwa kila mtu. Waafrika waliobeba mizigo yake na kulima mashamba yake walikuwa wengi zaidi, lakini karani aliyeinuliwa kuwa mwenye duka alikuwa kwa kawaida kijana wa Kihindi.

Pembe za ndovu zilipoanza kuadimika, aligeuka tena. Alilima mashamba makubwa na kujaribu mazao mapya, pamba na mpira miongoni mwao. Akaweka viwanda vya kuchambulia pamba Mombasa na Entebbe, mashine za kukamua mafuta Kisumu, kiwanda cha sabuni Mombasa, karakana za samani Kampala na Entebbe, na kiwanda cha kupasulia mbao Nyeri, upande wa pili wa Mlima Kenya ukitazama kutoka Meru.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mpaka kati ya himaya ya Waingereza na ile ya Wajerumani uligeuka uwanja wa mapambano, na biashara yake ilikuwa na mizizi pande zote mbili. Yeye hakutulia Mombasa. Akiwa na miaka 65 alikuwa bado akisafiri mwenyewe kukagua biashara, na ni katika safari ya Kongo alikopata homa iliyomuua. Alifariki Mombasa tarehe 30 Juni, 1916.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi madaftari, lakini si kila kitu kilikuwa kimeandikwa humo. Nani aongezewe muda, nani asiaminiwe tena, deni gani lidaiwe sasa na lipi liachwe hadi mavuno: mengi ya hayo yalikaa kichwani mwa marehemu. Ikaja misukosuko ya baada ya vita. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilibadilishwa na kuwaumiza wenye madeni, na bei za mazao zikaporomoka. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na himaya ya baba yake ikavunjika.

Mwaka huohuo, Mombasa, ilifunguliwa shule ambayo Abdulrasul aliigharimia kwa ukumbusho wa baba yake, na ambayo hadi leo inaitwa Allidina Visram. Huko bara, baadhi ya waliokuwa makarani wake walikwisha kuandika majina yao wenyewe juu ya milango ya maduka.