Mhandisi Aliyejirudisha Duniani

Kijana wa Mtera aitazamapo mitambo inayogeuza maji ya Ruaha Mkuu kuwa umeme, huenda akadhani kuwa kazi ya mhandisi ni kubonyeza vitufe tu. Basi na ayasikie maisha ya Gordon Cooper.

Cooper alizaliwa Shawnee, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, tarehe 6 Machi 1927. Mwaka 1949 aliingia Jeshi la Anga, akarusha ndege za vita huko Ujerumani. Angaliweza kuridhika na urubani. Lakini alirudi darasani, na mwaka 1956 akapata shahada ya uhandisi wa ndege. Ndipo akawa rubani wa majaribio huko Edwards, California. Aprili 1959 alichaguliwa kuwa miongoni mwa wanaanga saba wa kwanza wa Marekani.

Tarehe 15 Mei 1963 alirushwa peke yake katika chombo alichokiita Faith 7, yaani Imani. Alipopita juu ya Unguja, ambako wakati ule palikuwa na kituo cha kufuatilia safari hizo, aliisalimu Afrika na kuwatakia heri viongozi wake katika mkutano wa Addis Ababa. Huko huko angani alisali, na sala yake ikanaswa katika mashine ya sauti.

Karibu na mwisho wa safari umeme wa mitambo ya kukiongoza chombo ulikatika, joto likapanda, na hewa chafu ya kaboni dioksidi ikazidi. Chombo kikiingia katika hewa ya dunia kwa pembe mbaya, mwanaanga huangamia. Cooper alikisawazisha kwa mkono, akiongozwa na mistari ya dirishani, nyota na saa yake ya mkononi, huku mwenzake John Glenn akimhesabia sekunde kwa redio. Alitua katika Bahari ya Pasifiki, kilomita chache tu kutoka manowari iliyomngojea, akiwa ameizunguka dunia mara 22 kwa muda wa saa 34 na dakika 19.

Agosti 1965 aliruka tena, pamoja na Charles Conrad, wakakaa angani karibu siku 8. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2004, akiwa na miaka 77.

Wazazi wapenzi, mtoto wenu apendaye mashine asiishie kuitazama. Mhimizeni ajifunze hesabu na fizikia, ili siku mashine itakaponyamaza ajue la kufanya.