Emile Durkheim: Mwana wa rabi aliyeitaka jamii ijiulize kuhusu uhalifu wa watoto wake

USIKU mmoja wa mwezi Mei mwaka 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walipoteza maisha yao kwa moto. Wanafunzi wenzao waliwafungia chumbani wakiwa usingizini, wakamwaga petroli na kuiwasha. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Aprili 20, wavulana wawili walikuwa wamewaua kwa risasi wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika Shule ya Columbine, jimbo la Colorado nchini Marekani, kisha wakajiua.

Silaha zilikuwa tofauti na nchi zilikuwa mbali. Hata hivyo, swali lililowakabili wazazi wa mitaa kama Majengo mjini Nyeri ndilo lililowakabili wenzao wa Colorado: mtoto aliyelelewa nyumbani na kufunzwa darasani hufikaje mahali pa kuwaua wenzake?

Wapo wanaojibu kwamba watoto hao walizaliwa na uovu. Wengine husema waliiga. Jibu la tatu, ambalo limekuwa msingi wa sehemu kubwa ya elimu ya uhalifu ya leo, lilitolewa na Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka 80 kabla ya misiba hiyo miwili. Jina lake ni Emile Durkheim.

Durkheim alizaliwa Aprili 15, 1858, katika mji wa Epinal, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na vivyo hivyo babu yake na baba wa babu yake. Kijana Emile alitarajiwa kushika njia hiyo hiyo. Akaiacha. Pamoja na hayo, nyumba aliyokulia, yenye sheria kali na watu wachache walioshikamana kwa dhati, ilimwachia swali lililomfuata maisha yake yote: ni kitu gani huwafunga wanadamu pamoja, na hutokea nini kamba hiyo inapolegea?

Swali hilo halikuwa la vitabuni pekee. Mwaka 1870, akiwa na umri wa miaka 12, alishuhudia majeshi ya Prussia yakiuteka mji wao. Ufaransa ilishindwa vitani, ikapoteza sehemu ya ardhi yake, na baadhi ya wananchi wakawatafuta wa kulaumiwa. Wayahudi walikuwa miongoni mwa walionyooshewa kidole. Mapema hivyo, Durkheim aliona jinsi jamii iliyojeruhiwa inavyopenda kumtafuta mkosaji mmoja wa kutwikwa mzigo wa wote.

Mwaka 1879, baada ya kuanguka mtihani mara mbili, aliingia Ecole Normale Superieure mjini Paris, chuo kilichowaandaa wasomi bora wa nchi hiyo. Huko alisoma wakati mmoja na Jean Jaures, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa wasoshalisti, na Henri Bergson, mwanafalsafa. Alihitimu mwaka 1882, akafundisha falsafa katika shule za sekondari, na mwaka 1885 akaenda Ujerumani kuangalia jinsi elimu ya jamii ilivyokuwa ikifundishwa huko. Mwaka 1887 alimwoa Louise Dreyfus, na mwaka huo huo akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Bordeaux. Walijaliwa watoto wawili, Marie na Andre.

Kazi yake Bordeaux ilikuwa kuwafundisha walimu. Jambo hili husahaulika mara nyingi. Mtu anayetajwa leo kuwa mmoja wa waasisi wa sosholojia alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akizungumza na watu ambao kesho yake wangesimama mbele ya watoto wakiwa na chaki mkononi.

Wakati huo elimu ya uhalifu ilitawaliwa na daktari wa Italia, Cesare Lombroso, ambaye tangu mwaka 1876 alikuwa akifundisha kwamba mhalifu huzaliwa akiwa mhalifu, na kwamba alama zake huonekana katika fuvu, taya na masikio. Nadharia hiyo ilipendwa kwa sababu ilimtuliza kila mtu. Ikiwa uovu uko ndani ya fuvu la mkosaji, basi mzazi, mwalimu na serikali hawana la kujibu.

Durkheim aliligeuza swali. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 kuhusu kanuni za uchunguzi wa jamii, alieleza kwamba hakuna jamii iliyowahi kuishi bila uhalifu, na kwa hiyo uhalifu ni sehemu ya kawaida ya maisha ya jamii. Wengi walimshutumu, wakidhani anautetea. Hakuwa akiutetea. Alikuwa akisema kwamba kiwango cha uhalifu ni kama joto la mwili: kila mwili unalo, na linapopanda ghafla, tabibu mwenye busara hauchunguzi uso wa mgonjwa tu bali hutafuta kilichobadilika ndani yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, alichapisha uchunguzi mkubwa kuhusu watu wanaojiua. Mpwa wake, Marcel Mauss, alimsaidia kupanga kumbukumbu za vifo karibu 26,000. Durkheim alionyesha kwamba tendo hilo, ambalo huonekana kuwa la siri ya mtu binafsi, hupanda na kushuka kwa mpangilio kulingana na hali ya familia, dini, uchumi na siasa. Mtu aliyetengwa na wenzake yumo hatarini. Aliyemezwa kabisa na kundi lake, hata nafsi yake ikakosa thamani, yumo hatarini pia. Vile vile anayeishi mahali ambapo kanuni za zamani zimevunjika kabla ya mpya kusimama, hali aliyoiita anomi. Tena kuna anayebanwa na amri nyingi mno hadi asione mbele, ingawa huyu alimtaja kwa maneno machache tu.

La muhimu kwa elimu ya uhalifu ni kwamba Durkheim aliiona anomi kuwa chemchemi ya hasira ambayo mtu huweza kuielekeza kwake mwenyewe au kwa wengine. Hapo ndipo wachunguzi wa mauaji ya shuleni wanapomrudia, kwa maana wauaji wengi wa aina hiyo, kama wale wa Columbine na yule aliyewaua watu 32 katika Chuo Kikuu cha Virginia Tech mwaka 2007, walimalizia kwa kujiua.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Gabriel Tarde, hakimu aliyepata kusimamia takwimu za uhalifu katika Wizara ya Sheria ya Ufaransa. Tarde alishikilia kwamba uhalifu huenea kwa kuigana, kama mtindo wa mavazi. Durkheim alikubali kwamba watu huiga, lakini akasisitiza kwamba cheche haiwashi kuni mbichi. Kitu cha kuchunguzwa ni ukavu wa kuni.

Historia ya shule za Kenya inawapa wote wawili sehemu ya haki. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto katika kipindi kifupi, na mwenendo wa shule moja kufuata nyingine unafanana sana na maelezo ya Tarde. Lakini kuiga hakuelezi kwa nini mabweni ndiyo huchomwa, mwaka baada ya mwaka. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika moto uliowashwa kwa makusudi katika bweni la shule ya Kyanguli, wilayani Machakos. Huko Meru, upande wa pili wa Mlima Kenya, wasichana 19 walifariki katika shule ya St Kizito mwezi Julai 1991 baada ya wavulana wa shule yao wenyewe kuwavamia bwenini.

Mwaka 1902 Durkheim aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris. Mihadhara aliyoitoa huko kuhusu malezi ya maadili, iliyochapishwa baada ya kifo chake, ndiyo inayogusa moja kwa moja kilichotokea Nyeri. Alifundisha kwamba maadili ya mtoto yana nguzo tatu: nidhamu, kushikamana na kundi, na uwezo wa kuitii kanuni kwa kuielewa badala ya kuiogopa. Hakuwa mlegevu. Nidhamu aliiweka mbele. Lakini nidhamu aliyoitaka ni ile ambayo mwalimu mwenyewe yumo chini yake, si hasira ya mtu mmoja aliyevaa vazi la sheria.

Kwa sababu hiyo alipinga kiboko. Alieleza kwamba shule ni mahali ambapo wenye maarifa na nguvu hukutana kila siku na wasio navyo, na mkutano wa namna hiyo humlevya mwenye nguvu hadi ajione hana mpaka. Akalinganisha ulevi huo na ukatili wa Wazungu katika makoloni. Aliyasema hayo katika miaka ile ile ambayo utawala wa Uingereza ulikuwa ukijiimarisha kwa mabavu katika nchi ya Mlima Kenya.

Ukoloni huo ndio uliozaa mitaa mingi inayoitwa Majengo, kuanzia Nyeri hadi Nanyuki na Meru, na pia ndio ulioleta shule za bweni zenye viranja kwa mfano wa Uingereza. Kiranja ni mwanafunzi aliyepewa sehemu ya mamlaka ya mwalimu. Pale mamlaka hayo yanapokuwa na mipaka, humsaidia kijana kukomaa. Yanapokosa mipaka, humweka mtoto mmoja kati ya chuki ya wenzake na amri za wakubwa. Vijana wanne waliofariki Nyeri hawakustahili adhabu yoyote, na waliowaua hawawezi kutakaswa na nadharia. Hata hivyo, aliyemsoma Durkheim angeuliza pia ni nani aliyewaweka vijana hao wote mahali pale, usiku ule, bila mtu mzima wa kuzima chuki kabla ya moto.

Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, karibu karne moja baada ya mihadhara hiyo. Mabweni yameendelea kuungua. Wanaotaka kiboko kirudishwe huona hapo ushahidi wao. Durkheim angewajibu kwamba kuondoa fimbo bila kujenga kanuni inayoheshimika na wote ni kuacha pengo, na pengo hilo ndilo aliloliita anomi.

Wapo waliomkosoa na kumwongezea. Mwaka 1938, Mmarekani Robert Merton alieleza kwamba anomi huwa kali pale jamii inapowahimiza watu wote kufikia lengo moja huku ikiwafungia wengi njia. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mtihani mmoja ndio utakaoamua maisha yake anaelewa maelezo hayo bila mkalimani. Mwaka 1969, Travis Hirschi naye aliuliza kwa nini vijana wengi hawafanyi uhalifu, akajibu kwamba huzuiwa na mapenzi kwa watu wao, matumaini ya kesho, shughuli za kila siku na imani katika sheria. Katika mtaa kama Majengo, kamba hizo huonekana kwa macho: mzazi, jirani anayemkanya mtoto wa mwenzake, msikiti na madrasa, kanisa, timu ya kandanda. Bweni huzikata kamba hizo kwa muda wa muhula mzima, na shule isiyotoa badala yake huwa imemwacha mtoto na wenzake tu.

Si kila mauaji ya wanafunzi yanaingia katika chungu hicho kimoja. Mnamo Aprili 2, 2015, washambuliaji wanne wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na watu 148 wakauawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Hao hawakuwa vijana waliokosa kundi. Walikuwa wamemezwa na kundi hadi uhai wao na wa wengine ukawa si kitu. Tofauti hii ina uzito katika kuzuia: anayelegea huhitaji kuvutwa karibu, ilhali aliyemezwa huhitaji kutolewa.

Durkheim mwenyewe hakujifungia maktabani. Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa, alipohukumiwa kwa uhaini asioutenda, msomi huyo alijitokeza kumtetea, akieleza mwaka 1898 kwamba jamii ya kisasa haiwezi kusimama isipoheshimu utu wa kila mtu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomvunja. Wanafunzi wake wengi waliuawa. Mwanawe Andre, aliyeanza kufuata nyayo zake katika usomi, alikufa mwezi Desemba 1915 katika mapigano ya Balkan. Mwaka uliofuata, seneta mmoja alimtuhumu hadharani kuwa wakala wa Wajerumani, kana kwamba msiba wa kumpoteza mwana kwa ajili ya Ufaransa haukutosha. Afya yake ilidhoofika, akapatwa na kiharusi, na mnamo Novemba 15, 1917, akafariki mjini Paris akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Urithi wake si hirizi ya kuzuia mauaji. Haumwambii mwalimu ni mwanafunzi yupi atakayewasha kiberiti, wala haumwondolei hakimu kazi ya kuhukumu. Unawadai watu wazima jambo gumu zaidi: kila mtoto anapowaua wenzake, mahakama ikishamaliza na mkosaji, shule, wazazi na serikali wabaki kizimbani kwa muda, waeleze ni kamba ipi iliyokatika na ni nani aliyekuwa ameishika.