Paul Graetz: Mwenye Gari na Wenye Mabega

Wanachuo wenzangu, sisi tuliokulia Tabora tukiulizwa wazungu wa zamani waliopita kwetu, tunataja Livingstone na Stanley, basi. Tembe la Kwihara linatukumbusha. Paul Graetz hatumtaji kabisa, ingawa kwao Ujerumani enzi zake magazeti yalimwandika sana. Mimi nasomea ualimu wa Fizikia, na maisha ya huyu bwana yamenifundisha somo la nguvu na mwendo kuliko mifano mingi ya kwenye vitabu.

Alizaliwa mwaka 1875 huko Zittau, mashariki mwa Ujerumani. Akawa ofisa wa jeshi, kisha akaletwa huku kwetu katika jeshi la kikoloni. Watu wengi wa cheo chake waliwaza kupanda vyeo au kupata shamba. Yeye akawaza gari. Alitaka kuvuka Afrika kwa gari kutoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya. Kiwanda kimoja cha mji wa Gaggenau kikamuundia gari maalumu lenye magurudumu makubwa, lililoinuka juu ya ardhi ili lisikwame kwenye visiki na mawe.

Tarehe 10 Agosti 1907 akaondoka Dar es Salaam. Hebu kumbuka hali ya nchi wakati ule. Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vinamalizika. Reli bado inajengwa kuelekea Morogoro, na Tabora itafika mwaka 1912. Kuanzia Morogoro kwenda mbele ilibaki njia ileile ya misafara, iliyopita Mpwapwa na Kilimatinde, ikaingia Unyamwezini, ikaendelea mpaka Ziwa Tanganyika. Njia ile ilitengenezwa na nyayo za watu wanaofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Upana wake ulikuwa wa mtu mmoja mwenye mzigo, na gari lina magurudumu pande mbili.

Sasa tuingie kwenye mashine kidogo. Nguvu ya gari inazaliwa kwenye silinda, petroli inapowaka na kusukuma pistoni. Inapita kwenye klachi, inaingia gia boksi, halafu inapelekwa nyuma kwenye difu na ekseli, mwisho inazungusha magurudumu. Kila hatua inapokea nguvu kutoka hatua iliyotangulia, kwa hiyo moja ikikatika gari zima linakuwa chuma tu. Kwenye mchanga au kilima dereva anashika gia ndogo. Injini inazunguka sana huku gari likitembea polepole, upepo wa kupoza ni mdogo, na maji ya rejeta yanachemka. Ndiyo maana gari la namna ile lilitaka maji kila mara, tena katika nchi ambayo kiangazi chake watu wa Ugogo wanakijua vizuri.

Ya Graetz ilikatika mwanzo kabisa wa ule mnyororo. Safari ikiwa bado changa, silinda zilipasuka. Hapakuwa na duka la spea wala fundi wa kuchonga kifaa kama kile, ikabidi zingojewe mpya kutoka Ujerumani, zije kwa meli mpaka Dar es Salaam kisha zisafirishwe bara. Ilichukua miezi. Na sehemu kubwa ya safari hiyo ya spea ilitegemea miguu ya watu.

Hapa ndipo naanza kuona gari lile kwa jicho lingine. Petroli yake haikuwa ndani ya gari yote. Ilitangulizwa na kuwekwa akiba kwenye vituo vya njiani, na waliotangulia nayo ni wapagazi. Mbung'o walikuwa wakiua punda na ng'ombe, kwa hiyo tangu enzi za pembe za ndovu mzigo ulikuwa ni wa mtu, kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Debe mbili za petroli zinakaribia uzito huohuo. Gari lilipozama kwenye mchanga au mto, waliolivuta kwa kamba ni watu wa vijiji vya jirani. Watu wakampa Graetz jina kutokana na mlio wa injini: Bwana Tuke-Tuke. Jina la utani lilimfuata maisha yake yote. Majina ya waliovuta kamba hayakumfuata mtu.

Alipita Tabora, akashuka kusini kupitia Kasanga, akaingia Rhodesia, akafika Johannesburg, akakatiza Kalahari. Tarehe 1 Mei 1909 akaingia Swakopmund kwenye Atlantiki. Zilikuwa siku 630 na kilomita kama 9,500. Piga hesabu: ni kilomita 15 kwa siku, ukijumlisha na siku za kungoja spea. Huo ni mwendo wa msafara wa wapagazi! Mashine mpya kuliko zote ilivuka bara kwa kasi ya mtu aliyebeba pembe begani.

Sisemi hakuwa jasiri. Mwaka 1911 alirudi, safari hii na mashua ya injini, akavuka bara kwa kufuata mito na maziwa kutoka Zambezi mpaka Kongo. Mwenzake Mfaransa, Octave Fière, aliuawa na nyati njiani, naye akaendelea mpaka akafika. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki mwaka 1968, wakati Tanganyika yenyewe imeshakuwa huru na kuungana na Zanzibar.

Ila tunaokwenda kufundisha tuwe makini na lile neno "wa kwanza". Vitabu vinasema Graetz ndiye wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari, na ni kweli. Lakini mwanafunzi akiniuliza nguvu ya gari lile ilitoka wapi, sitaanzia kwenye silinda. Nitamchorea mstari mrefu zaidi: mpagazi anabeba debe, debe linaingia tenki, petroli inasukuma pistoni, na kuendelea mpaka gurudumu. Gurudumu likikwama, mstari unarudi kwa mtu mwenye kamba. Ukifuta mtu huyo ubaoni, hesabu haikubali.

Njia ile ya misafara, pamoja na Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, tangu 2006 imo katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia. Ikija kukubaliwa, naomba kibao cha Tabora kitaje na wale waliobeba petroli.